Dar hadi Guangzhou: kikokotoo kinasema saa 9, tiketi inasema 16, Mama anasema siku mbili. Nani mkweli?

Kijana wa Mchikichini (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Mama yangu anafuata mzigo China, na hii ni mara ya kwanza anakwenda peke yake. Miaka yote alikuwa akiongozana na shangazi, sasa shangazi magoti yamegoma, kasema yeye na ndege basi. Mimi ndiye niliyemkatia tiketi, na mimi ndiye nitakayekaa na simu mkononi nikisubiri aseme amefika. Nataka kujua kitu kimoja: Dar hadi Guangzhou ni mbali kiasi gani, na ni safari ya saa ngapi?

Nimeuliza huku na kule, kila mtu ana namba yake. Tovuti moja ya kupima umbali imeniambia kilomita 8,711, saa 9 na dakika 41. Nyingine imeandika maili 5,413. Nyingine tena maili 4,704, njia ileile! Tiketi yenyewe inapitia Ghuba, yaani Dubai: kuondoka Dar 17:00, kufika Ghuba 23:30, kuondoka 03:00, kufika Guangzhou 14:15 halafu pembeni kuna alama ya +1. Chini wameandika muda wa safari saa 16 na dakika 15. Mimi nikihesabu kwa vidole, kutoka saa 11 jioni hadi saa 8 na robo mchana wa kesho yake napata saa 21 na robo. Mama akanisikia nahesabu, akacheka: "Wewe andika siku mbili, hutakosea."

Nani mkweli hapa? Nawasilisha.

Chinga wa Simu

Naweka kigoda hapa. Na mimi nina mpango wa kwenda kufuata makava ya simu.

Profesa wa Kona

Kijana, hizo tovuti zinapima kwenye karatasi. Dunia ni tufe. Ndege hainyooki kama basi la Morogoro, inapinda kwenda juu kaskazini kabisa, inapita karibu na Himalaya ndipo inashuka China. Ndiyo maana muda unakuwa mkubwa kuliko kilomita zinavyoonyesha. Ukiangalia ramani ya kwenye kiti cha ndege utaona mstari umepinda kama upinde wa mvua. Ni elimu ya kawaida tu.

Mzee Dira

Marahaba kijana. Nimestaafu kazi ya kupanga safari za ndege, nilikuwa yule anayekaa chini anachora njia na kupiga hesabu ya mafuta kabla rubani hajapanda, kwa hiyo hapa niko nyumbani.

Tuanze na maili, maana hapo ndipo watu wengi hujichanganya. Kilomita 8,711, maili 5,413 na maili 4,704 ni umbali mmoja. Ile 5,413 ni maili za nchi kavu, kilomita 1.6 na kidogo. Ile 4,704 ni maili za baharini, kilomita 1.852 kila moja, na ndizo tunazotumia kwenye ndege mpaka leo kwa sababu usafiri wa anga ulirithi mambo mengi kutoka kwa mabaharia. Hakuna tovuti iliyokudanganya. Zimekuacha tu bila kukuambia ni maili ya nani.

Sasa Profesa, kwa heshima zote. Ulilosema kuhusu tufe ni kweli, ila umelipeleka kwenye njia isiyohusika. Chukua tufe la dunia, yale ya plastiki ya darasani, na uzi wa kushonea. Bana ncha moja Dar, vuta hadi New York. Uzi utakwenda mbali kabisa na pale macho yalipotarajia, na ukiufuata unaokoa kilomita nyingi. Sasa vuta kutoka Dar hadi Guangzhou. Uzi hauchezi sana, kwa sababu safari yote iko karibu na ikweta, kutoka nyuzi karibu 7 kusini hadi nyuzi 23 kaskazini. Ukilinganisha mstari mfupi kabisa na mstari wa dira ileile mwanzo mwisho, tofauti haifiki kilomita 20 katika 8,711.

Na uzi huo hauoni Himalaya hata kwa mbali. Unatoka Dar, unaivuka ikweta ukiwa baharini mashariki ya Somalia, unaingia India kwenye pwani ya Kerala, unapita jirani na Chennai, unakata Ghuba ya Bengal, unaingia Myanmar, unagusa kaskazini ya Thailand na Laos, unaacha Hanoi kidogo kulia, halafu jimbo la Guangxi, umefika. Nimekaa na tufe la mjukuu wangu mezani ninapoandika, na uzi umebanwa kwa pini mbili.

Zile saa 9 na dakika 41 ni 8,711 kugawa kwa 900, basi. Kikokotoo hakijui kwamba ndege inatembea chini kutafuta njia ya kurukia, inapanda taratibu ikiwa nzito, na ikifika inazungushwa kusubiri zamu. Ongeza nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Boeing 787, kama zile za Air Tanzania, mwendo wake wa kawaida huko juu ndio huo wa kilomita 900 kwa saa. Kwa hiyo ndege ya moja kwa moja weka saa 10 na kitu.

Ile 21 na robo yako toa saa 5. China iko mbele yetu kwa saa 5. 21 na robo toa 5 unapata 16 na robo, ndiyo tiketi. Na +1 maana yake unafika tarehe ya kesho yake.

Profesa wa Kona

Sawa mzee, lakini Himalaya ipo.

Mzee Dira

Ipo Profesa, sikukataa. Na nitakupa nusu ya haki yako: kipande cha pili cha tiketi ya huyu mama, Dubai hadi Guangzhou, ukivuta uzi unapita sehemu ya kusini ya Nepal, chini ya milima. Marubani huenda kusini zaidi ya hapo. Hewa ya ndani ya ndege ikipotea ghafla inabidi ushuke haraka hadi futi 10,000 hivi, yaani mita 3,000, ili abiria wapumue. Ukiwa juu ya Tibet, nyuma ya milima hiyo, huwezi kushuka hapo, ardhi yenyewe iko zaidi ya mita 4,000. Kwa hiyo watu huizunguka. Ila hiyo ni safari ya Ghuba. Kutoka Dar moja kwa moja hukutani nayo.

Kijana wa Mchikichini

Mzee wangu asante sana, nimeelewa kuliko nilivyoelewa kidato cha pili. Ila nina swali la kijinga. Kupitia Ghuba si ni kuzunguka sana? Yaani unakwenda kaskazini Uarabuni halafu ndiyo unageuka mashariki. Je, Addis si ingekuwa karibu zaidi?

Mzee Dira

Hakuna swali la kijinga kwenye ramani. Nimekupimia.

Dar hadi Dubai 3,978, Dubai hadi Guangzhou 5,827. Jumla 9,805.

Dar hadi Addis 1,763, Addis hadi Guangzhou 8,038. Jumla 9,801.

Kilomita nne! Ukiniuliza bila kupima ningekuambia Addis ni karibu kwa mbali. Dubai iko kando ya njia, lakini imesogea mashariki, kwa hiyo inakulipa. Doha jumla ni kama 10,016. Zote hizo ni nyongeza ya kilomita elfu moja na mia kadhaa juu ya njia iliyonyooka, yaani saa moja na robo au moja na nusu ya kuruka. Kinachokula muda ni kiti cha uwanjani. Mama yako atakaa Ghuba saa 3 na nusu, hiyo ni nzuri. Wapo wanaonunua tiketi ya bei ndogo wanakuta wamekaa saa 14.

Mkenya Mtulivu

Habari wadau, mniruhusu jirani. Na sisi wa Nairobi je? Kila mtu huku hudhani tuko mbali zaidi na China kuliko nyinyi kwa sababu hatuko baharini.

Mzee Dira

Karibu jirani. Nairobi hadi Guangzhou ni 8,679. Mnatushinda kwa kilomita 32, umbali wa kutoka Posta hadi Bunju hapa Dar.

Mkenya Mtulivu

Nimefurahi na hizo 32. Nitazitumia vizuri.

Dada wa Foshan

Salaam wote. Nipo huku mwaka wa sita, Foshan, jirani kabisa na Guangzhou, mpaka metro zimeungana. Nikija nyumbani Desemba na kurudi Januari huwa nashangaa kitu: kurudi China ni kufumba na kufumbua, kuja Dar ni safari isiyoisha. Tiketi zenyewe zinaonyesha, kipande cha Ghuba hadi Guangzhou saa 7 na dakika chache, kurudi kipande hichohicho saa 8 na zaidi. Kwa muda mrefu nilidhani ni hamu ya kufika nyumbani ndiyo inanirefushia.

Mzee Dira

Hamu inachangia, ila mwenye kosa ni upepo. Huko juu, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mto wa hewa unaokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki. Majira ya baridi ya kaskazini, Desemba hadi Machi, mto huo unashuka unapita Uarabuni, kaskazini ya India na kusini ya China, njia ileile ya ndege yako. Katikati yake kasi hupita kilomita 200 kwa saa. Ukienda China unakusukuma, ukirudi unakupiga kifuani.

Fanya hesabu ndogo. Chukua nusu ya safari ya Dar, kilomita 4,355. Ukipata upepo wa kilomita 100 mgongoni, ndege inakwenda 1,000 na unamaliza kwa saa 4 na dakika 21. Upepo uleule ukiwa usoni unakwenda 800, saa 5 na dakika 27. Umepoteza saa moja na ushei bila rubani kugusa kitu. Miezi ya Juni hadi Agosti mto unahamia kaskazini ya Tibet, na tofauti ya kwenda na kurudi inapungua.

Bakari wa Unguja

Mzee Dira umenikumbusha babu. Alikuwa nahodha wa jahazi, hakuwahi kukutajia safari kwa saa wala siku. Atakwambia "nilikwenda na kaskazi nikarudi na kusi", umemaliza. Ukitaka kwenda kinyume chake unapigana na pepo za mbisho mpaka maji ya kunywa yaishe. Naona na hawa wa Dreamliner mambo ni yaleyale, ila wao wana kahawa.

Na tusisahau kwamba njia hii ni kongwe. Mwaka 1415 twiga alitolewa Malindi akapelekwa kwa mfalme wa China, zama za merikebu za Zheng He, amiri wa majini wa China. Huyo twiga ndiye wa kumuuliza safari ni ya muda gani.

Chinga wa Simu

Twiga alilipia kilo ngapi za ziada?

Mama Vitenge

Jamani nyie mnaongea upepo, mimi nataka kumuokoa huyu kijana na kitu kilichoniliza. Mwanangu, angalia saa ya KURUDI ya mama yako. Ni saa ngapi?

Kijana wa Mchikichini

Bi mkubwa shikamoo. Kurudi ni tarehe 9, saa 00:20.

Mama Vitenge

Marahaba. Nilijua tu!

Sikiliza. Safari yangu ya tatu China, tiketi ya kurudi iliandikwa tarehe 14, 00:15. Mimi nikaandika kwenye daftari langu: "kurudi tarehe 14 saa 6 na robo usiku." Sahihi kabisa, au siyo? Tarehe 14 nikaamka, nikamalizia kununua, mchana nikala, jioni nikafunga mabegi mawili, nikayazungusha gundi ya nailoni mpaka yakawa kama maboga. Saa 3 usiku niko uwanjani, mapema, najisifu. Yule binti wa kaunta akachukua pasi, akaangalia, akaita mwenzake, wakaangalia wote wawili. Akanigeuzia kioo akaweka kidole kwenye tarehe. Ndege ilishaondoka jana usiku. Yaani wakati inaruka mimi nilikuwa hotelini nimelala fofofo, na nilikuwa nimejiwekea kengele ya asubuhi!

Maana 00:15 ya tarehe 14 ni dakika 15 tu baada ya tarehe 13 kwisha. Ulipaswa kuwa uwanjani tarehe 13 jioni. Nililala kwenye viti vya pale siku moja na nusu, nikalipa faini ya kubadili tiketi, na mzigo wa mteja ukachelewa. Sitaji shirika kwa sababu kosa lilikuwa langu, ila hakuna aliyenipigia simu.

Mwandikie mama yako kwa kalamu nyekundu: AONDOKE HOTELINI TAREHE 8 JIONI. Asiandike "tarehe 9 usiku".

Kijana wa Mchikichini

Nimesimama nywele. Kwenye karatasi niliyomwandikia jana nimeandika hivyohivyo, "tarehe 9 saa 6 usiku". Nakwenda kuichana sasa hivi.

Bakari wa Unguja

Bi Vitenge pole sana. Na hapa lugha yetu inayo dawa, ila tumeisahau. Kuna "usiku wa kuamkia". Ukiandika "usiku wa kuamkia tarehe 14" hakuna atakayepotea, na watangazaji wa redio mpaka leo wanasema hivyo.

Tena kwetu wazee siku huanza jua likichwa. Ukimsikia bibi anasema "usiku wa Ijumaa", ni Alhamisi baada ya magharibi. Kwa hesabu hiyo "usiku wa tarehe 14" ni ule unaoitangulia siku ya 14. Ungelihesabu kizamani, bi mkubwa, ungeliwahi ndege yako.

Mama Vitenge

Eti ningeliwahi! Bakari usinichekeshe na maumivu yangu.

Bakari wa Unguja

Niwie radhi. Nyongeza moja kwa wanaosafiri Ramadhani. Ukielekea mashariki siku inafupika, maana wewe unalikimbia jua na lenyewe linakukimbia. Ukiruka Dar asubuhi, jua litazama dirishani hali saa yako ya mkononi bado ni alasiri ya Dar. Unafungua kwa jua unaloliona hapo ulipo angani, si kwa saa ya Kariakoo. Kurudi ni kinyume chake: unalifuata jua, nalo haliishi. Nimewahi kuliangalia likiwa palepale juu ya bawa kwa muda ambao nilihisi ni wiki nzima.

Profesa wa Kona

Sasa hili la saa 5 tofauti, nina njia rahisi. Mama asibadili saa yake. Akitaka saa ya China aongeze 5.

Dada wa Foshan

Profesa, kwa mtu anayesoma saa kwa Kiswahili hiyo itamvuruga. Saa ya ukutani China inasema 9, yeye atoe 5 apate 4, halafu 4 hiyo aigeuze saa ya Kiswahili iwe 10. Mama amechoka, ana njaa, unampa hesabu mbili!

Mimi nilimfundisha mama yangu hivi: angalia saa ya ukutani China, ongeza moja. Basi. Hiyo ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani. China saa ya ukutani inasema 1 mchana, Dar ni saa 2 asubuhi. China 5 jioni, Dar saa 6 mchana. China 9 usiku, Dar saa 10 jioni. Ukifika 12 unarudi 1, kama kawaida.

Mzee Dira

Ngoja nihakikishe. Toa 5 kwa sababu ya nchi, toa 6 kwa sababu ya Kiswahili, jumla 11. Na kutoa 11 kwenye saa ya duara ni sawa na kuongeza 1. Ehee! Miaka 30 nimepanga safari za ndege na hili sikuwahi kuliona. Dada, hongera.

Mkenya Mtulivu

Na China nzima ni saa moja, si kama Marekani?

Dada wa Foshan

Nchi nzima saa ya Beijing. Ukienda Xinjiang kule magharibi jua linachomoza saa za watu kuwa kazini. Lakini Guangzhou iko mashariki, hutasikia tofauti.

Kijana, sasa nisikilize na mambo ya kufika, maana tiketi inaishia matairi yakigusa lami na wewe utaanza kuhesabu dakika. Uwanja ni Baiyun, uko kama kilomita 28 kutoka katikati ya jiji. Foleni ya uhamiaji inaweza kula saa nzima, alama za vidole, picha, fomu. Mabegi. Kisha metro line ya 3 na kubadili kwenda line ya 5 mpaka Xiaobei, kama Mama anafikia huko kwa Waafrika wenzetu, au teksi kama amechoka. Weka saa 2 na nusu hadi 3 kutoka kutua hadi kitandani.

Na hili ndilo kubwa kuliko upepo: WhatsApp haifunguki kwenye intaneti ya China. Mtu anafika salama, anaunganisha ya hoteli, anaandika "nimefika", ujumbe unazunguka tu. Huku nyumbani watu wameshaanza kupiga ubalozi. Mwekee WeChat, programu ya kutumiana ujumbe inayofanya kazi huku, ukiwa Dar, muunganishe na wewe mwenyewe, mjaribu kutumiana sauti kabla hajaondoka. Na laini yake ya Tanzania aiwashie matumizi ya nje ya nchi, inasaidia siku ya kwanza.

Abebe pia kadi ya homa ya manjano, kwenye pochi, isiwe ndani ya begi kubwa.

Chinga wa Simu

Hivi mzigo nao unasafiri saa ngapi?

Mama Vitenge

Wa ndege unalipia kwa kilo, siku chache tu ukiondoa za kusubiri kwa wakala. Wa meli unalipia kwa CBM, yaani mita za ujazo, mwezi na zaidi, na hapo bandari haijasema neno lake. Makava yako yote yanaweza kuingia kwenye ndege. Makochi subiri meli.

Kijana wa Mchikichini

MREJESHO.

Wakuu, Mama ameondoka Jumanne na amefika. Nimeandika kila kitu kwenye daftari ili uzi huu umsaidie na mwingine.

Tumetoka nyumbani saa 6 na nusu mchana, foleni ya Tazara ikatuweka, uwanjani tukafika kabla ya saa 8. Ndege ilitakiwa kuruka saa 11 jioni, imeruka saa 11 na dakika 25. Kipande cha kwanza angani saa 5 na dakika 15. Ghuba amekaa, ameswali, amekula wali wa kwenye kontena alioubeba kutoka nyumbani kwa sababu chakula cha pale "bei yake ni ya kununua kiwanja". Kipande cha pili saa 7 na dakika 5. Mzee Dira, nilikuwa nakifuatilia kile kindege kwenye simu, na kweli kilipita chini ya milima, India, Myanmar, mpaka kikaingia China. Kasi iliandika zaidi ya 1,000 sehemu kubwa ya njia. Nikawa namwonyesha shangazi, "unaona upepo huo?" Akaniambia yeye anaona kindege tu.

Ametua saa 8 na dakika 5 mchana ya kule. Uhamiaji saa moja na robo. Begi moja lilitangulia, la pili likachelewa. Amepanda teksi, hakutaka kusikia habari ya metro. Ameingia chumbani Xiaobei saa 11 na nusu jioni ya China, ambayo kwetu ilikuwa saa 6 na nusu mchana, Jumatano.

Kwa hiyo: angani saa 12 na dakika 20. Tiketi 16 na robo. Mlango hadi mlango saa 24 kamili, siamini mpaka sasa. Na Mama anashikilia kwamba ni siku mbili, kwa sababu amelala Jumanne kwenye ndege na ameamka Jumatano kwenye ndege, na kwenye pasi mihuri ina tarehe mbili.

WeChat imefanya kazi. Ujumbe wake wa sauti wa kwanza alikuwa ananong'ona, sijui kwa nini, labda anadhani chumba kina watu: "Mwanangu, saa ya ukutani hapa inasema tisa. Basi kwenu saa kumi. Mmeshamwagilia mchicha?"

Karatasi ya tarehe 8 jioni ipo kwenye pasi yake, kwa kalamu nyekundu. Bi Vitenge, Mungu akuweke.

Mama Vitenge

Amina. Mpigie tarehe 8 asubuhi umkumbushe tena.

Mzee Dira

Saa 7 na dakika 5, upepo bado upo basi. Kurudi umwambie avumilie.

Profesa wa Kona

Nilisema kitapita karibu na Himalaya.

Chinga wa Simu

Mkuu hongera kwa Mama kufika. Akipata nafasi muulize makava ya simu kule jumla ni shilingi ngapi kwa pisi.